Haki Inapofika Mlangoni: Ufeministi, Uliberali na Hukumu za Mahakama Zetu

Mwezi Agosti 1988, mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo ambalo baba yake alimwachia kwa wosia. Aliyenunua hakuwa mtu wa ukoo, na bei ilikuwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephraim, hakulaza damu. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, kudai mauzo yafutwe. Sheria ilikuwa upande wake. Kanuni za urithi za kimila, ambazo serikali yenyewe iliziandika na kuzitangaza mwaka 1963, zilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maishani mwake, lakini asiiuze. Mwanamume wa ukoo huohuo hakuwekewa kizuizi hicho.

Mahakama ya Mwanzo ikampa Bernardo ushindi, Mahakama ya Wilaya ikampokonya, na rufaa ikafika Mahakama Kuu mjini Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya. Hukumu yake ya Februari 1990 inafunguliwa kwa kutamka kwamba rufaa hii inahusu haki za wanawake chini ya Hati ya Haki, ile iliyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Kanuni inayomfunga mwanamke pale inapomwachia mwanamume ni ubaguzi, akasema, na Katiba inaukataza. Mauzo yakasimama. Bernardo aliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba ndani ya miezi sita kwa kulipa fedha zilezile 300,000.

Sijui mfano ulio wazi kuliko huo, hapa kwetu, wa ufeministi na uliberali kutembea njia moja. Uliberali, kama falsafa ya siasa, unaanza na mtu mmojammoja. Kabla hujawa wa ukoo, wa dini au wa chama, wewe ni mtu. Una haki ambazo kundi haliwezi kukunyang'anya kwa sababu tu ni kundi. Na anayetaka kukuwekea mpaka ndiye mwenye mzigo wa kueleza sababu. Ufeministi ulichukua maneno hayo ukauliza swali jepesi: je, mwanamke si mtu? Jaji Mwalusanya alijibu kwamba ni mtu, na jibu hilo likatosha kupindua kanuni iliyokuwa imetumika kwa robo karne.

Hata hivyo, ukisoma hukumu za kanda hii kwa mfululizo unaona jibu hilo mara linatosha, mara halitoshi. Linatosha pale mwanamke anapouza, anapopiga kura, anapoomba kazi, anaposimama mbele ya dola. Linapofika mlangoni mwa nyumba, linaanza kusitasita. Nadhani kusitasita huko kuna asili yake ndani ya falsafa yenyewe, na ndiyo maana ugomvi wa wanafeministi na waliberali haujaisha hadi leo.

John Locke, Mwingereza ambaye maandishi yake ya mwaka 1689 yamekuwa nguzo ya uliberali, alikuwa akipambana na watetezi wa wafalme. Hawa walisema mfalme ni baba wa taifa, na baba haulizwi. Ili awashinde, Locke ilimbidi atenganishe mamlaka ya aina mbili: ya dola, ambayo chimbuko lake ni ridhaa ya watawaliwa, na ya nyumba, ambayo ina utaratibu wake. Ulikuwa ushindi mkubwa, na sisi tulioishi chini ya viongozi walioitwa baba tunapaswa kuuthamini. Lakini ndani ya kitabu hichohicho anasema mume na mke wakitofautiana, neno la mwisho ni la mume, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo na nguvu zaidi. Kwa haki yake, Locke alikiri pia kwamba mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe na hata kuachana na mumewe, jambo ambalo wengi wa zama zake hawakulikubali. Ila ukweli unabaki: aliyekataa nguvu ziwe msingi wa utawala ikulu alizikubali sebuleni.

Kuna sehemu nyingine ya Locke ambayo huwa haitajwi sana katika mjadala huu, na naiona muhimu kuliko hiyo. Ni ile inayoeleza mali inavyopatikana. Mtu anakuwa na mali, anasema, kwa kuchanganya kazi yake na ardhi. Aliyelima ndiye mwenye mavuno. Kisha, katika mfano wake, anaandika kwamba majani aliyoyakata mtumishi wake ni mali yake yeye, Locke. Kazi ya mtumishi imeyeyuka ikawa kazi ya bwana. Nitarudi kwenye sentensi hiyo, kwa sababu nusu ya mashauri ya mali ya ndoa Afrika Mashariki yanahusu jambo hilohilo: ni kazi ya nani inayohesabika kuwa kazi.

Wapo waliberali waliouona upungufu huu mapema. John Stuart Mill aliwasilisha bungeni Uingereza mwaka 1867 pendekezo kwamba katika sheria ya uchaguzi neno linalomtaja mwanamume libadilishwe liwe mtu. Alipata kura 73 na kushindwa. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kizima kuhusu kutiishwa kwa wanawake, na humo akaingia hadi ndani ya nyumba: alisema ndoa ya Uingereza ya wakati ule ndiyo utumwa pekee uliobaki katika sheria za nchi yake. Hapo hoja kwamba uliberali hauwezi kuvuka mlango inapata pigo. Ulivuka, na aliyeuvusha alikuwa mliberali kindakindaki.

Msomaji wa Afrika, hata hivyo, ana haki ya kuongeza mstari mmoja. Mill huyohuyo aliajiriwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kwa miaka 35, na katika kitabu chake juu ya uhuru aliandika kwamba kanuni zake hazihusu jamii alizoziita za kishenzi, ambazo zingeweza kutawaliwa kwa mabavu kwa manufaa yao. Wanaosema haki za wanawake ni mzigo ulioletwa na meli za wakoloni hupata nguvu zao hapo. Hoja hiyo naiheshimu, ila historia haiiungi mkono kama inavyodhaniwa. Wakati mwanamke wa Kiingereza alisubiri hadi sheria ya mwaka 1882 ili mali yake isimezwe na ya mumewe anapoolewa, mwanamke Mwislamu wa Lamu, Mombasa au Unguja alikuwa na mali yake mbali na ya mumewe tangu karne nyingi. Mahari ni yake, urithi ni wake, na katika miji ya pwani ilikuwa desturi baba mwenye uwezo kumpa binti nyumba anapoolewa. Urithi wake ulikuwa nusu ya wa kaka yake, na sitalificha hilo. Lakini wazo kwamba mke ni mtu kamili mbele ya mali yake halikungoja London.

Ukosoaji mkali zaidi wa kifeministi ulikuja mwishoni mwa karne iliyopita. Carole Pateman, mwananadharia wa siasa, katika kitabu cha mwaka 1988, alisema kwamba ule mkataba wa kijamii ambao waliberali wanauhadithia, wa watu huru kukubaliana kuunda dola, ulitanguliwa na mkataba mwingine usiosemwa, ambamo wanaume waligawana mamlaka juu ya wanawake. Kwake, mpaka kati ya hadharani na nyumbani ndio unaoshikilia jengo zima. Ukiuondoa, uliberali si uliberali tena. Mwaka uliofuata mwanafalsafa mwenzake, Susan Moller Okin, alichukua njia tofauti. Alimrudia John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani ambaye mwaka 1971 alitutaka tufikirie tungechagua kanuni gani za haki kama hatungejua tutazaliwa matajiri au maskini. Okin akagundua kwamba watu wa Rawls waliochukuliwa kuwa wanachagua walikuwa wakuu wa kaya, na ndani ya kaya Rawls hakuuliza kitu. Tiba yake haikuwa kuitupa nadharia. Alitaka itumike hadi mwisho: chagua kanuni bila kujua kama utakuwa mume au mke, uone kama utakubali ndoa ilivyo.

Kwa hiyo swali halisi ni kama mpaka wa mlangoni ni sehemu ya mwili wa uliberali au ni nguo tu inayoweza kuvuliwa. Badala ya kulijibu kwa nadharia, napenda kutazama tulivyoishi nao.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 na katiba yenye sura nzima ya haki za mtu binafsi. Kifungu cha 82 cha katiba iliyotumika hadi 2010 kilikataza ubaguzi, lakini kijifungu chake cha 4 kilisema katazo hilo haligusi mambo ya kuasili watoto, ndoa, talaka, mazishi, mirathi na sheria nyingine za mambo binafsi. Orodha hiyo ni maisha ya mwanamke karibu yote. Hata jinsia ilipoongezwa mwaka 1997 kati ya misingi ambayo mtu asibaguliwe kwayo, kijifungu hicho kilibaki palepale. Haikuwa Kenya peke yake. Katiba za Zambia, Zimbabwe na Botswana zilikuwa na maneno ya aina hiyo. Huko Zimbabwe, mwaka 1999, Mahakama ya Juu iliyategemea kumnyima Venia Magaya urithi wa baba yake, ukaenda kwa mdogo wake wa kiume wa mama mwingine. Naye Wambui Otieno wa Kenya, mpigania uhuru aliyetaka kumzika mumewe wakili S. M. Otieno karibu na Nairobi, alishindwa mbele ya ukoo mwaka 1987, na mwili ukapelekwa Siaya.

Pateman angeziona hati hizo angesema: si niliwaambia? Uhuru wa hadharani umenunuliwa kwa kuiacha nyumba mikononi mwa wakubwa wa ukoo. Na kweli, maelewano hayo yaliwafaa wengi. Wakoloni waliotaka kuondoka kwa amani, viongozi wapya waliotaka kura za wazee, na wazee wenyewe, wote waliridhika. Wanawake hawakuwa mezani kwa idadi ya kutosha kukataa.

Lakini mfano unaoniumiza zaidi hautoki katika mila zetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, ni sheria kali na ya maana. Kifungu cha 43 kinaeleza ni lini tendo linakuwa la kulazimisha, kisha kijifungu cha 5 kinasema maelezo hayo hayawahusu watu walio katika ndoa halali. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu kama ilivyorekebishwa mwaka 1998 inamhesabu mke kuwa amebakwa na mumewe ikiwa tu wametengana. Ukiuliza, utaambiwa huo ndio utamaduni wetu. Si kweli. Ni kanuni ya jaji wa Kiingereza wa karne ya 17, Matthew Hale, aliyeandika kwamba mwanamke akishaolewa amejitoa kwa mumewe na hawezi kuiondoa ridhaa hiyo. Waingereza wenyewe waliizika mwaka 1991. Sisi bado tunaitunza na kuiita mila.

Angalia hoja ya Hale ilivyojengwa. Inatumia ridhaa, neno takatifu kuliko yote katika uliberali, kumfunga mtu milele kwa neno alilosema siku moja. Hapo ndipo wanafeministi wanaposema tatizo la uliberali ni kwamba unaiangalia ridhaa ilipotolewa, bila kutazama aliyeitoa alikuwa na njia gani nyingine. Nao waliberali wana jibu zuri: ridhaa isiyoweza kuondolewa si ridhaa, na Locke mwenyewe alikataa mtu kujiuza utumwani. Kwa kigezo hicho, kifungu cha 43(5) ni kosa la kiliberali kabla ya kuwa kosa la kifeministi. Nakubaliana nao. Kinachonishangaza ni kwamba falsafa iliyokuwa na jibu hilo mkononi kwa sehemu kubwa ilikaa kimya karne tatu, na zilizoilazimisha kuzungumza ni harakati za wanawake.

Sasa turudi kwenye kazi na mali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Walikuwa wameachana, mume alikuwa na mshahara na nyumba, mke alikuwa mama wa nyumbani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali iliyochumwa pamoja, itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kuitunza nyumba ni mchango? Majaji wa chini walikuwa wamegawanyika. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo. Jambo ambalo wanaoisifu hukumu hiyo huliruka ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona alikwishapewa fedha za kuanzisha biashara ya familia akazitapanya, na hizo zikahesabiwa kuwa fungu lake. Kanuni aliiacha kwa wengine, naye akatoka mikono mitupu.

Naiona hukumu hiyo kuwa ndiyo uliberali katika hali yake bora, kwa sababu iligeuza nadharia ya Locke dhidi ya Locke. Ikiwa kazi ndiyo inayozaa mali, basi kazi ya jikoni nayo inazaa mali. Mahakama haikuhitaji kuvunja msingi. Ilikataa tu kuiyeyusha kazi ya mke ndani ya kazi ya mume.

Ila njia hiyo ina mwiba wake, na Kenya imeuonyesha. Mwaka 2007, katika shauri la Echaria, majaji watano wa Mahakama ya Rufaa walisema ndoa peke yake haimpi mke sehemu ya mali. Lazima mchango uonekane, na kwa sheria ya wakati ule ulihitajika mchango wa fedha. Katiba ya 2010 ikaandika, katika Ibara ya 45(3), kwamba wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kilimo na hata uandamani kuwa mchango. Wengi walidhani mjadala umefungwa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema usawa wa Ibara ya 45 hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe alichochangia. Katika shauri lenyewe waligawana sawa, lakini kanuni iliyowekwa ni ya uthibitisho.

Upande wa mahakama una mantiki. Mtu aliyeolewa au kuoa kwa miezi mitatu asiondoke na nusu ya jasho la miaka thelathini la mwenzake. Nusu ya lazima pia ingemuumiza mwanamke aliyejenga kwa mkopo wake huku mume akishinda baa, na wanawake hao ni wengi kuliko zamani. Anayetazama watu kama watu huru, kila mmoja na hesabu yake, ataona uamuzi huo ni wa haki.

Tatizo ni hesabu inavyotunzwa. Mume ana hati ya kiwanja, risiti za saruji na taarifa ya benki. Mke ana watoto waliokua. Kudai athibitishe mchango wake kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mishahara ni kumwambia kazi yake inatambuliwa, kisha kumnyima mizani ya kuipimia. Kwangu mimi njia ya haki ingekuwa kuanza na dhana ya mgawanyo sawa kwa ndoa iliyodumu, na anayetaka zaidi ya nusu ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha. Hilo halimtupi mtu mmojammoja. Linahamisha mzigo tu, na kuhamisha mzigo wa ushahidi ni jambo ambalo sheria hufanya kila siku.

Sasa nitoe nafasi kwa wale wasioupenda uliberali hata ukitengenezwa. Wapo wa ujamaa na wapo wa mila na dini.

Wa ujamaa wana hoja nzito. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kuna maandiko machache ya kiliberali yaliyosema ukweli huo kwa uwazi kiasi hicho. Kwao, haki ya kuuza shamba ni haki ya mwenye shamba. Mwanamke asiye na kitu haifaidi. Lakini vijiji vya ujamaa navyo mara nyingi viligawa ardhi kwa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alikuwa mume. Mpaka wa mlangoni ulivuka itikadi bila kuulizwa pasipoti.

Wa mila wanasema ardhi ya ukoo ni bima. Ikiuzwa kwa mgeni, mjane wa kesho atakula nini? Ningeipokea hoja hii kwa moyo mweupe kama ingetumika kwa wote. Kanuni iliyomzuia Holaria kuuza haikumzuia kaka. Pia, kanuni zenyewe zilishaacha kuwa mila hai siku dola ilipoziandika mwaka 1963. Mila hai hujadiliwa na kubadilika, maandishi ya gazeti la serikali hayabadiliki mpaka mtu aende mahakamani. Na akienda? Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walipinga kanuni zilizowanyima mirathi ya waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba makabila zaidi ya 120 nayo yangefuata na mila zao. Rufaa ikaishia kwenye kasoro ya kiutaratibu. Ilibidi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iseme mwaka 2015 kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Kati ya hukumu ya Mwanza ya 1990 na ile ya 2006, ahadi ya usawa katika Katiba haikupungua. Kilichokosekana ni ujasiri.

Kuhusu dini nina tahadhari zaidi, kwa sababu hapa uliberali unagongana na nafsi yake: uhuru wa kuabudu nao ni haki ya mtu. Ibara ya 24(4) ya Katiba ya Kenya inaruhusu masharti ya usawa yalegezwe kadiri inavyolazimu ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Wengine wanaona ni kijifungu cha 82(4) kilichorudi kwa mlango wa nyuma. Sioni hivyo kikamilifu. Uchunguzi uliofanyika katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wengi wa waliofungua mashauri walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda. Mwanamke anayekwenda kwa kadhi kudai matunzo anatumia haki ndani ya imani yake. Sharti langu ni moja: awe na njia ya kwenda kwingine asiporidhika, na njia hiyo iwe ya kweli, si ya maandishi huku ndugu wakimtishia kumtenga.

Umri wa kuolewa sidhani unahitaji maneno mengi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana ni 18; kwa idhini ya mahakama, hata 14. Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi Oktoba 2019. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu vya 13 na 17, na mwaka huo ukapita bila marekebisho. Mtoto wa miaka 15 hana ridhaa ya kutoa katika jambo hili, kwa falsafa yoyote.

Mpaka hapa naonekana nimeupa uliberali ushindi wenye masharti. Lipo jambo moja ambalo silioni ndani yake jibu la kutosha, nalo liko katika nyumba za watu wanaosoma makala kama hii. Mwanamke msomi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetoka saa 12 asubuhi kwenda ofisini, mahakamani au bungeni, anamwachia watoto dada wa kazi. Uhuru wake umesimama juu ya mabega ya msichana aliyetoka Singida, Iringa au Kitui. Katika amri za mishahara za Tanzania, mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri amewekwa katika ngazi ya chini kabisa. Ofisa wa kazi hukagua kiwanda. Jikoni mwa mtu ni nadra kufika. Wenzake wa Mombasa, Tanga na Unguja huenda Oman na Saudi Arabia, ambako kwa miaka mingi mfumo wa kafala umefunga ukaazi wao kwa mwajiri mmoja. Wamesaini mkataba, watu wazima, bila kushikiwa panga. Kwa uliberali unaouliza tu kama ridhaa ilitolewa, mambo yamekwisha.

Hapo ndipo sentensi ya Locke kuhusu majani ya mtumishi inapata maana yake yote. Bi Hawa alitolewa katika sentensi hiyo, akahesabiwa kuwa mwenye kazi. Dada wa kazi ameachwa ndani yake, na safari hii wanaomwacha humo ni pamoja na wanawake waliokombolewa na hoja ya Bi Hawa. Watetezi wa mila hawana la kumwambia pia. Kwao yeye ni binti aliyesaidiwa na jamaa wa mjini. Tanzania na Kenya zina mawakili wanawake wenye uwezo, vyama vyao vimeshinda kesi ngumu kuliko hii. Wapeleke mahakamani hoja kwamba malezi na kazi za ndani zilizotambuliwa kuwa mchango mke anapozifanya ni kazi kamili pia zinapofanywa na aliyeajiriwa, zenye saa zinazohesabika, mapumziko na mshahara unaolingana na kazi nyingine zisizo na utaalamu mkubwa. Na amri ya mishahara inapoandikwa upya, wanawake walioko bungeni wauanze mjadala kutoka ngazi ile ya chini kabisa.